Jinsi ya kuandaa historia ya kura ya eneobunge lililofutwa: mfano wa Ashgrove, Queensland

Ashgrove lilikuwa eneobunge la Bunge la Queensland, Australia, kaskazini-magharibi mwa jiji la Brisbane. Lilipiga kura mara ya kwanza 1960, na likafutwa kwa mipaka mipya iliyotumika 2017. Katika muda huo kulifanyika chaguzi kuu 20. Ukizipanga tu kwa safu moja ya asilimia, jedwali litadanganya, kwa sababu namna ya kupiga kura ilibadilika mara mbili na mipaka ilichorwa upya mara kadhaa. Kwa hiyo kazi huanza na mistari ya kukatia. Tarakimu hufuata baadaye.

Hatua ya 1: Weka mstari kila kanuni ya kura inapobadilika

Uchaguzi wa 1960 ulikuwa wa mwenye kura nyingi kushinda, kama majimbo ya ubunge ya Kenya na Tanzania. Sheria ilibadilishwa 1962, na kuanzia 1963 mpigakura alilazimika kupanga wagombea wote kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Kuanzia 1992 kupanga kukawa hiari, hivyo aliyeandika 1 peke yake kura yake ilihesabiwa. Ulazima ulirudishwa 2016, Ashgrove likiwa halina tena uchaguzi mkuu mbele yake.

Una vipande vitatu basi: 1960 peke yake, 1963 hadi 1989, na 1992 hadi 2015. Vipe rangi tofauti kwenye jedwali. Kwa 1960 acha wazi safu ya matokeo ya wawili wa mwisho, yaani wagombea wawili wanaobaki wengine wakishaondolewa na kura zao kuhamishiwa chaguo linalofuata, maana mwaka huo hakukuwa na kura zilizohamishwa. Chama cha Labor kilikuwa kimegawanyika 1957. Ukikuta mgombea wa QLP, kile chama kilichomeguka, usijumlishe kura zake na za Labor ili kupata "kura za mrengo mmoja". Hao walikuwa wapinzani wa kweli.

Hatua ya 2: Weka mstari kila mipaka inapobadilika

Mipaka mipya ilianza kutumika 1972, 1977, 1986, 1992, 2001 na 2009. Jina lilibaki lile lile huku mitaa ikiingia na kutoka, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona chama kimepanda na kudhani watu wamebadili mawazo, kumbe wapigakura wenyewe ni wengine.

Kulinganisha kuliko salama ni kati ya chaguzi zilizo ndani ya mipaka ile ile. 2009, 2012 na 2015 ni kundi moja kama hilo, tena chini ya kanuni moja ya kura. Ndilo kundi bora la kuanzia.

Hatua ya 3: Jaza washindi

Douglas Tooth wa Liberal alishika kiti kuanzia 1960, akafuatwa 1974 na John Greenwood wa chama hicho hicho. 1983 kilikwenda kwa Tom Veivers wa Labor, mchezaji wa zamani wa kriketi wa Australia. 1986 Alan Sherlock akakirudisha Liberal. Jim Fouras wa Labor alikichukua 1989 na kukaa hadi 2006, alipokuja Kate Jones wa Labor. 2012 alishinda Campbell Newman wa LNP, na 2015 Jones akamng'oa, Newman akiwa waziri mkuu wa Queensland.

Safu ya chama ina mtego. Liberal na National vilikuwa vyama viwili hadi vilipoungana 2008 kuwa LNP. Ushirika wao serikalini ulivunjika Agosti 1983, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi. Kwa kila mwaka kabla ya 2008, angalia kama vyote viwili vilisimamisha mgombea, na uviandike kwenye mistari miwili.

Hatua ya 4: Hesabu matokeo ya wawili wa mwisho

Hapa pana kazi kubwa, hasa kwa miaka ya 1992 hadi 2015. Chukua kura halali 1,000: A ana 420, B 380, C 200. C anaondolewa. Katika kura zake 200, 90 zinakwenda kwa B, 30 kwa A, na 80 hazina chaguo la pili, zinaishia hapo. B anashinda kwa 470 dhidi ya 450.

Asilimia ya B ni ngapi? Matokeo rasmi hugawa kwa kura 920 zilizobaki: 51.1. Ukigawa kwa 1,000 unapata 47, na jedwali lako halitakubaliana na la mtu yeyote. Gawa kwa zilizobaki, kisha ongeza safu ya kura zilizoishia njiani. Usiiache safu hiyo. 2001 Labor iliwahimiza watu waandike 1 tu, na bila safu hiyo huwezi kuona kampeni ya namna hiyo ilifanya nini katika eneobunge lako. Kura zilizoharibika ni safu nyingine kabisa, kwa kuwa hizo hazikuhesabiwa tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Hesabu kura zilizohama kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine

Waaustralia huandika pengo kama pointi zilizozidi 50. Pengo la 5.7 maana yake ni 55.7 kwa 44.3, si tofauti ya pointi 5.7 kati ya wagombea.

2009 Labor ilishinda Ashgrove kwa pengo la 7.1. 2012 LNP ikashinda kwa 5.7. Labor ilitoka 57.1 hadi 44.3, yaani pointi 12.8 zilihama. Kisha weka pembeni mhamo wa Queensland nzima, ambao kwa makadirio ulikuwa karibu pointi 14, LNP ikizoa viti 78 kati ya 89. Ndipo unaona jambo ambalo orodha ya washindi haionyeshi: pamoja na kelele zote za kampeni ya Newman, Ashgrove halikuhama kupita kiasi. Lilikwenda na wimbi la kote.

Hatua ya 6: Fuata wapigakura walikopelekwa

Sehemu kubwa ya Ashgrove iliingia Cooper, eneobunge lililopewa jina la Lilian Cooper, mwanamke wa kwanza kusajiliwa udaktari Queensland. Lakini Cooper lilipokea pia mitaa kutoka Mount Coot-tha, na 2017 kupanga wagombea wote kulikuwa lazima tena. Usiunganishe Ashgrove 2015 na Cooper 2017 kwa mstari mmoja wa grafu.

Ukitaka daraja, chukua matokeo ya 2015 kituo kwa kituo, hamisha kila kituo kwenye eneobunge jipya, ujumlishe upya. Kura za posta na za mapema hazina mtaa, kwa hiyo zigawe kwa uwiano wa kura za vituo. Kituo kilicho karibu na mpaka huhudumia pande zote mbili. Kigawe kwa idadi ya waliojiandikisha kila upande. Matokeo yake yaandike kwa herufi za mlazo na uyaite makadirio, yasichanganyike na hesabu ya Tume ya Uchaguzi ya Queensland.