Kupima risasi na kadmiamu, metali zenye sumu, kwenye maziwa, fromaji (jibini) ya Masisi na chokoleti

Mwongozo huu ni wa labo ya Goma inayotumia tanuri la grafiti, yaani kifaa kinachochoma tone la sampuli na kupima mwanga unaofyonzwa na metali. Kabla ya kushika sampuli, piga hesabu. Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi 0.020 mg/kg kwenye maziwa. Ukiyeyusha gramu 0.5 na kujaza hadi mililita 50, kikomo hicho kinabaki mikrogramu 0.2 kwa lita, tanuri halikioni. Pima gramu 2, jaza hadi mililita 25, upate 1.6. Chokoleti yenye kakao 50% na zaidi inaruhusiwa kadmiamu 0.80 mg/kg: hapo gramu 0.5 kwa mililita 50 zinatosha, tena utazimua mara 5.

1. Vyombo. Loweka vikombe vya tefloni na chupa za plastiki usiku kucha katika asidi nitriki ya 10%, suuza kwa maji yaliyosafishwa, funika mara moja. Vumbi la barabara za Goma halibishi hodi. Ncha za pipeti za njano ziache. Rangi yake huweza kuwa na kadmiamu.

2. Sampuli. Tikisa maziwa, mafuta yasibaki juu. Fromaji toa ganda. Chokoleti igandishe kwanza, kisha uipare kwa kisu cha kauri.

3. Kuyeyusha. Maziwa: asidi nitriki ya 65% mililita 4, peroksaidi ya hidrojeni ya 30% mililita 1. Fromaji na chokoleti: 6 na 1, kwa gramu 0.5. Acha wazi dakika 30 chini ya kifyonza mvuke. Ukifunga haraka, mafuta na sukari hutoa gesi nyingi, vali hufunguka, na sampuli imekwenda. Funga, kisha mikrowevu ya labo ipande hadi 200°C kwa dakika 20, ikae hapo 15. Fungua ikishuka chini ya 50°C. Utando ukielea juu, mafuta hayajaisha: ongeza peroksaidi, rudia.

4. Kusoma. Mwanga wa risasi ni nanomita 283.3, wa kadmiamu 228.8. Weka fosfeti ya amonia na nitrati ya magnesi, la sivyo kadmiamu hupaa kabla ya wakati wake. Kwa risasi ya maziwa, dunga mikrolita 20, kausha, dunga tena 20, ndipo uchome. Myeyusho wa kulinganishia uwe na asidi ileile na udungwe vilevile. Umeme ukikatika katikati, anza upya kulinganisha.

5. Tupu. Kila mzunguko uwe na vikombe vitatu visivyo na sampuli. Ongeza pia risasi ya kiasi kinachojulikana kwenye sampuli moja. Irudi kati ya 80% na 120%. Hesabu: usomaji toa tupu, zidisha kwa mililita, gawa kwa gramu; ulipozimua mara 5, zidisha usomaji kwa 5 kwanza. Usomaji 1.9, tupu 0.3, maziwa gramu 2 kwa mililita 25: mikrogramu 20 kwa kilo, kikomo chenyewe. Hapo usitie sahihi. Rudia kutoka hatua ya 1, kwa vikombe vingine.