Somo: Kupima ubongo wa watoto wawili wakishirikiana

Naandika mara moja, anayeuliza tena "mbona data ni kelele tupu" aelekezwe hapa. Ni kofia za mwanga wa infraredi, watoto wa miaka 5 na 6, wawili kwa pamoja, tuone kama kazi ya ubongo wao hupanda na kushuka kwa kufanana wanaposhirikiana.

1. Vibali, sahihi ya mzazi. Mtoto akiikataa kofia, basi.

2. Pima mzunguko wa kichwa, chagua kofia.

3. Jua la ziwani hupenya: pazia zito, na kitambaa cheusi juu ya kofia.

4. Nywele. Kazi huharibikia hapa. Kifaa hutuma mwanga na kusoma uliorudi, ndipo ujue damu yenye oksijeni imeongezeka wapi, dalili ya ubongo kufanya kazi hapo. Nywele nyeusi nene huunyonya kabla haujafika kwenye ngozi. Aliyenyolewa hana shida. Aliyesuka, panga na mama yake siku ya kufumua. Kila kitundu cha kofia, tenga nywele kwa ncha ya kijiti cha plastiki hadi ngozi ionekane, ndipo ubane optodi (kichomekwa cha kutuma mwanga, yaani chanzo, au cha kuupokea, yaani kipokezi). Chanzo na kipokezi viachane sentimita 3. ONYO: usikandamize, mtoto ataivua kofia katikati ya kazi. Usikuze mawimbi yanayosomwa na kifaa kufidia nywele, kelele nazo hukua. Kabla ya kuanza, mapigo ya moyo yaonekane kwenye mchoro. Yasipoonekana, rudi kwenye nywele.

5. Alama ya kuanza ifike mashine zote mbili kwa wakati mmoja.

6. Dakika 2 wapange pamoja vipande vya picha ya mtumbwi, dakika 2 kila mmoja peke yake, ubao katikati. Rudia, ukibadilisha kipi kianze.

Mdau wa Igoma: Mkuu, data zangu kelele tupu. Mashine mbovu?

Jibu: Mapigo ya moyo uliyaona? Hatua ya 4.

Mwalimu wa chekechea, Kirumba: Wanacheka na kupumua pamoja. Utajuaje kufanana huko ni ushirikiano?

Jibu: Mwalimu, hapo ndipo penyewe. Mlinganishe mtoto wa jozi hii na wa jozi nyingine aliyefanya kazi ileile. Kufanana kwa jozi halisi lazima kuzidi kwa hizo za bandia. Hiyo haiondoi kicheko cha pamoja, kwa hiyo ongeza vipokezi vilivyo milimita 8 tu kutoka kwenye chanzo: vinasoma damu ya ngozi tu, nawe unaitoa kwenye hesabu. Kicheko hutikisa misuli ya panja. Warekodi video wakati wa kazi, kitafute humo, ukate kipande hicho cha data.

Mdau wa Sengerema: Kwa waoga, mwanasesere avishwe kofia kwanza, na mtoto ndiye amvishe.

Jibu: Naam. Kisha ampe mwenzake zamu.