Kukagua kichwa cha Border Terrier

Kiwango cha Border Terrier, yaani maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina hii anavyotakiwa kuwa, kinataka kichwa kama cha fisi maji. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana manyoya yakirefuka kila kichwa huonekana kipana.

Kwa hiyo anza na mkono. Msimamishe mbwa mezani, ulaze manyoya kwa maji kidogo, kisha uweke kiganja juu ya fuvu. Liwe bapa, pana kiasi, na nafasi ya kutosha kati ya masikio; fuvu la kuviringa kama chungwa halifai. Telezesha kidole gumba kutoka kwenye paji kwenda puani. Kati ya macho kishuke polepole. Kikidumbukia ghafla, mbonyeo umezidi.

Mdomo, yaani sehemu ya uso kuanzia macho hadi pua, uwe mfupi, wenye nguvu, na uliojaa chini ya macho. Kipimo cha wafugaji wengi ni theluthi moja mdomo, theluthi mbili fuvu. Mdomo mrefu uliochongoka humpa sura ya mbweha, yaani mnyama yuleyule ambaye mbwa huyu alifugwa amfuate shimoni! Pua nyeusi inapendelewa, ila ya rangi ya maini au ya ngozi si kosa kubwa.

Macho: meusi au ya kahawia iliyokolea, makali, yasiyotokeza wala kuwa kama shanga.

Masikio yasomwe mbwa akiwa macho. Akiogopa huyalaza nyuma nawe utaandika kosa lisilokuwepo. Mwite, au chezesha kitu mbele yake. Sikio zuri ni dogo, lina umbo la V, linaangukia mbele karibu na shavu. Mkunjo usipande juu ya mstari wa fuvu. Kwa mtoto anayebadilisha meno, masikio hucheza huku na huku, basi subiri.

Meno yakague mdomo ukiwa umefungwa. Inua midomo tu kwa vidole, kwani ukimpanua taya utapotosha mkao wenyewe. Meno sita ya mbele ya juu yapite mbele kidogo ya sita ya chini, yakigusana kama mkasi. Yakikutana ncha kwa ncha yanakubalika. Taya moja kutangulia jingine ni kosa kubwa. Meno ya utotoni ni 28, ya ukubwani 42, na mkao unaweza kubadilika yanapopishana, kati ya miezi 4 na 7 hivi. Mtoto wa wiki nane usimpitishe wala kumkataa kwa meno ya siku hiyo.