Pikipiki ya safari iliyozeeka: pima chaji kabla ya kufunga kitu chochote

Jamaa yangu alinunua Gold Wing GL1200 iliyong'aa kila upande. Akaifungia taa za ziada, vishikio vya joto, chaja ya simu na redio mpya, kisha akaanza kazi ya kununua betri. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba betri ni mbovu. Tulipofungua kifuniko cha pembeni tukakuta soketi ya nyaya tatu za njano imebadilika rangi na kuwa kahawia, plastiki imeyeyuka, na kidole ukikiweka hakikai. Betri zake zote zilikuwa nzima.

Mwongozo huu umetokana na kazi ile. Ni kwa mwenye Gold Wing za zamani, BMW za mfululizo wa R na K, Honda ST1100, Kawasaki Concours na nyinginezo za aina hiyo: pikipiki nzito, yenye kioo kikubwa mbele, iliyoundwa kutembea mbali, na ambayo sasa imekula miaka. Unahitaji spana za kawaida, multimeta, yaani kipima umeme (hata ya bei ndogo inatosha), na kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa, si cha modeli inayofanana nayo.

Hatua ya 1: Matairi, breki na belti

Soma tarehe ya tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, litoe leo. Usidanganywe na kashata, yaani meno ya tairi. Pikipiki hizi hukaa sana zimeegeshwa, kwa hiyo raba huwa ngumu na kupasuka hata kama kashata bado ni ndefu.

Mafuta ya breki ya DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hata kama pikipiki haikutoka nje. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inaelewana na DOT 4. Unapotoa upepo kwenye mfumo wa breki, kumbuka kwamba baadhi ya pikipiki hizi zina breki zilizounganishwa: pedali ya mguuni inashika diski ya nyuma pamoja na moja ya mbele. Ukitoa upepo nyuma tu, pedali itaendelea kuzama na utaanza kulaumu silinda kuu. Mipira ya kupitisha mafuta ya breki kama ni ile iliyotoka nayo kiwandani, mimi naitupa bila kuijadili na kufunga iliyofumwa kwa waya wa chuma.

Belti: Gold Wing tangu GL1000 ya mwaka 1975 mpaka GL1500, na ST1100 pia, huzungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa belti ya raba. Ikikatika, valvu na pistoni hugongana. Kilomita chache kwenye dashibodi si sababu ya kuiacha, kwa kuwa raba huzeeka hata ikiwa imelala. Kama huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Hatua ya 2: Oili na grisi

Oili ya injini, filta, oili ya gia ya nyuma kwa zile zinazozungusha gurudumu kwa shafti badala ya mnyororo. Unajua. Nyongeza moja tu: ukifungua gurudumu la nyuma, paka grisi yenye molibidenamu kwenye meno ya shafti. Kwa BMW za mfululizo wa K usiliruke hili. Meno yakikaa makavu husagika taratibu, na siku yakiisha injini inanguruma vizuri huku pikipiki imesimama pale pale.

Hatua ya 3: Pima chaji

Hatua hii ni ndefu kwa sababu ndiyo inayokula siku za watu.

Anza na betri. Ichaji ijae, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima: inatakiwa isome volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa chini ya 12 usiendelee na kipimo kingine chochote, kwa sababu betri iliyolala itafanya kila namba inayofuata ikudanganye. Ichaji upya, na kama haishiki chaji, azima iliyo nzima kwa ajili ya vipimo tu.

Sasa washa injini, vijiti vya multimeta vikiwa kwenye ncha za betri yenyewe. Piga resi mpaka mizunguko kama 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Unataka kuona kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipanda kupita 15, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uwe wa kuchaji betri na kudhibiti volti zake) imeshindwa kuzuia na betri yako inachemka. Ikibaki 12 na kitu huku inashuka polepole, umeme hauifikii betri, na hapo ndipo wengi hukimbilia kununua rektifaya.

Subiri kidogo. Fuata nyaya zinazotoka kwenye koili za kuchaji, zile zinazozalisha umeme ndani ya injini. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ni tatu, zote za njano, nazo hupita kwenye soketi ya plastiki kabla ya kuingia kwenye rektifaya. Zima injini, ichomoe soketi hiyo uitazame kwenye mwanga. Vibati vya ndani vinatakiwa ving'ae. Ukiona weusi, ukijani, au plastiki iliyovimba, umempata mwizi wako. Kutu kidogo inatosha kuleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaongeza kutu, na mchezo huo unaendelea mpaka soketi iungue.

Kabla ya kuikata soketi, pima koili zenyewe, soketi ikiwa wazi. Weka multimeta kwenye volti za AC (mkondo geu), washa injini, piga resi, na pima kati ya njano ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Volti halisi zinategemea modeli, mara nyingi hupita 50, kwa hiyo usishike vibati kwa vidole. Kubwa zaidi ni kwamba jozi zote tatu zisome karibu sawa. Moja ikiwa chini sana, koili imeungua ndani. Kisha zima injini, rudisha multimeta kwenye ukinzani, na gusa kila njano na chasisi. Hakuna hata moja inayotakiwa kuwasiliana na chasisi. Ikiwasiliana, koili zimekwisha.

Hapa lazima niseme wazi kwa wenye Gold Wing za silinda nne, GL1000, GL1100 na GL1200: koili hizo zimekaa nyuma ya injini, na kuzibadilisha ni kushusha injini nzima. Kwa hiyo kipimo hiki kifanye kabla ya kulipa hela ya pikipiki, si baada. GL1500 iliyotoka mwaka 1988 haina ugonjwa huu. Ina altaneta (mashine ya kuzalisha umeme) inayojitegemea kama ya gari, inayoweza kuchomolewa.

Koili zikiwa nzima na soketi ndiyo iliyoungua, ushauri wangu ni kuiondoa kabisa. Kuweka soketi nyingine ni kupanda mbegu ile ile. Kata pande zote mbili, menya waya, na uangalie shaba. Ikiwa nyeusi, endelea kukata kurudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa, kwa sababu risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba nyeusi hata uipashe moto vipi. Itakaa juu kama tone na siku ya mtikisiko itaachia. Ukiishiwa urefu, ongeza kipande cha waya wenye unene ule ule au zaidi. Ingiza mpira unaosinyaa ukipashwa moto kwenye waya kwanza, ndipo usokote na kulehemu (kila mtu huusahau). Maungio yapishane, lisilale moja juu ya jingine, yakilala pamoja na mpira ukichubuka unapata shoti. Na usihangaike kujua njano ipi inakwenda na ipi. Ni umeme wa mkondo geu wa nyaya tatu, rektifaya haichagui.

Bado hujamaliza. Rudisha kila kitu, washa injini na taa kubwa, multimeta kwenye volti za DC (mkondo mnyoofu). Kijiti kimoja kwenye ncha chanya ya betri, kingine kwenye waya mwekundu unaotoka kwenye rektifaya. Namba inayoonekana ni volti zinazopotea njiani. Zaidi ya 0.3 maana yake kuna ungio bovu katikati, pengine kishikio cha fyuzi kuu. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kati ya mwili wa rektifaya na ncha hasi ya betri. Nimeona pikipiki iliyobadilishwa rektifaya mara mbili wakati kosa ni bolti ya ethi (inayounganisha hasi na chasisi) iliyopakwa rangi juu. Ikwangue mpaka chuma kionekane, paka grisi, kaza.

Kama ni lazima kubadilisha rektifaya, ujue tofauti hii. Rektifaya nyingi za zamani kwenye mashine zenye koili na sumaku hudhibiti chaji kwa kuupiga shoti umeme uliozidi. Koili hufanya kazi kwa nguvu zote muda wote, taa ziwe zimewashwa au zimezimwa. Ndiyo maana kuzima vishikio vya joto hakuzipumzishi koili hata kidogo. Zile za aina ya kukata mkondo hufungua njia umeme ukitosha, na koili hupoa. Mimi nafunga hizo.

Hatua ya 4: Hesabu wati

Kitabu kitakwambia mfumo unazalisha wati ngapi na kwa mizunguko mingapi. BMW nyingi za silinda mbili za miaka ya 1980 zilitoka na altaneta ya 280W, na hiyo ni injini ikiwa inakimbia. Ukisimama kwenye foleni hupati hata nusu. Toa vinavyotumika na pikipiki yenyewe: taa kubwa ya H4 ni 55W au 60W, kuna taa za nyuma, mwasho wa plagi, feni kwa zinazopozwa kwa maji. Kinachobaki ndicho chako. Vishikio vya joto hula kama 30W hadi 50W, jaketi la joto huweza kufika 90W. Ukiona hesabu inakubana, badilisha kwanza taa ndogo ziwe za LED kabla ya kuongeza kitu. Hilo halizipumzishi koili, lakini linaiachia betri zaidi.

Hatua ya 5: Vuta nyaya

Usiibe umeme kwenye waya wa taa ya nyuma kwa vile vibanio vinavyouma waya. Hukata nyuzi za shaba na kuingiza maji. Vuta waya mmoja mnene, 2.5 mm² au zaidi, kutoka ncha chanya ya betri. Weka fyuzi ndani ya sentimita 15 za mwanzo, kisha relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kisha kisanduku kidogo cha fyuzi cha kulisha vifaa vyote. Kwenye relei, kwa namba za miguu yake: 30 inatoka kwenye betri, 87 inakwenda kwenye kisanduku, 86 inachukua waya mwembamba kutoka taa ndogo inayowaka ufunguo ukigeuzwa, 85 inakwenda ethi. Ukizima pikipiki, kila kitu kinazima.

Fyuzi inalinda waya, hivyo ipimie waya. Kifaa cha 60W kinakula ampea 5. Fyuzi ya 7.5 inatosha, na ya 30 ni kuwasha moto kwa makusudi.

Nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani zifunge usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho upande mmoja, halafu ukate upande wa pili. Zisivutike, zisibanwe. Injini ikiwa inawaka, rudia tena. Ikizimika usukani ukiwa upande mmoja, unajua pa kutafuta.

Hatua ya 6: Masanduku

Vizito viweke chini, kwenye masanduku ya pembeni, karibu na mpandaji, pande mbili zikilingana. Boksi la nyuma limekaa nyuma ya ekseli. Kila kilo humo inainua gurudumu la mbele kidogo, na kwa mwendo wa kasi usukani huanza kuyumba. Soma uzito ulioandikwa ndani ya boksi. Mimi naweka humo koti la mvua na glavu, basi. Ukipakia na kubeba abiria, kaza springi ya shokapu na uongeze upepo wa tairi kama kibandiko kinavyosema.

Funga kila kitu, washa vyote kwa pamoja, na upime tena kwenye betri kwa mizunguko 3,000. Chini ya 13.5, kuna kifaa kitakachobaki nyumbani au kitakachowashwa kwa zamu. Nikilazimika kuchagua, kinachobaki nyumbani ni redio. Baada ya kilomita kama 200 kaza tena bolti za mabano ya masanduku na ncha za betri, maana ndizo za kwanza kulegea.