Somo: Kumfundisha mwanafunzi Mji Mkongwe wa Zanzibar, tukianzia ukutani

Walimu wenzangu, wengi wetu huanza somo la Mji Mkongwe kwa orodha ya masultani. Mtoto anakariri Said, Majid, Barghash, anafaulu mtihani, kisha anapita mtaa wa Hurumzi haoni kitu. Mimi naomba tuanze na ukuta. Utaratibu huu ni wa mwanafunzi mmoja au wawili wa sekondari. Ukiwa na darasa zima ligawe, vichochoro vile havipitishi kundi kubwa.

Hatua ya 1: Ukuta na boriti. Tafuta nyumba iliyobanduka lipu. Mwonyeshe mawe ya matumbawe, chokaa, na juu darini boriti za mikoko. Mkiruhusiwa kuingia, mpe futi kamba apime chumba, kisha umuulize kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba. Usimjibu haraka. Jibu liko juu ya kichwa chake: boriti ya mkoko ina urefu wake, kama mita tatu hivi, na upana wa chumba hauwezi kuuzidi. Hapo ameshaelewa kwamba umbo la mji limetokana na mikoko na bahari, kabla hajatajiwa mfalme hata mmoja.

Hatua ya 2: Milango. Achore kwa penseli kwanza, picha ya simu baadaye. Mkono unaochora hulazimisha jicho litulie. Milango yenye kichwa kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu. Yenye tao juu na maua yaliyosongamana ina mkono wa Kihindi, na ilienea zaidi mwishoni mwa karne ya 19. Aangalie miimo, mfaa wa katikati, misumari ya shaba. Watembeza wageni husema samaki ni uzazi na mnyororo ni ulinzi. Ayaandike kama masimulizi, asiyaandike kama ushahidi.

Hatua ya 3: Mkunazini, mtaa wa soko la zamani la watumwa. Msipite hapa mbio. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na Kanisa la Anglikana likaanza kujengwa pale pale. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu shimoni, minyororo shingoni. Mwache asimame kimya, kisha mrudishe kwenye daftari lake la milango. Fedha za nakshi zile zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa. Ukimfundisha uzuri wa mlango ukaliacha swali hili, umemfundisha nusu ya mji.

Hatua ya 4: Ufukweni. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mtajie pia tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri ya sultani mizinga na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Inatosha.

Hatua ya 5: Vukeni Darajani hadi Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Vitabu vingi vya wageni huishia Darajani, na hilo linanikera. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, alikaa Ng'ambo, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Taarabu ya kasri ilikuwa imezoea Kiarabu. Msikilize santuri yake pamoja, kisha mwanafunzi aeleze nini kilibadilika wimbo ulipofika kwa wachukuzi na wapishi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Mwanza:* Shikamoo mwalimu. Sisi nauli ya kufika huko hatuna.

Marahaba. Nyosheni kamba ya mita tatu sakafuni darasani, wanafunzi wapange humo vitanda, makasha na mikeka. Watakielewa chumba cha Mji Mkongwe bila kupanda meli. Milango wachore kutoka kwenye picha kubwa.

*Mzazi, Dar es Salaam:* Mwanangu ana miaka tisa. Nimpeleke Mkunazini?

Mpeleke, ila asishuke kwenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyo pale. Mwambie ukweli kwa maneno machache: watu waliuzwa hapa, na ilikuwa dhuluma. Akiuliza zaidi, mjibu.

*Mwalimu, Mombasa:* Je, utaratibu huu unafaa Mji wa Kale?

Unafaa sana. Lakini usianze na Ngome ya Yesu kwa sababu tu ni ya mwaka 1593 na kila mtu anaijua. Anza na nyumba ya mtaani, ngome ije baadaye.

*Mwanachama mpya:* Wenyeji hawakasiriki tukichora milango yao?

Toeni salamu kwa waliokaa barazani, semeni mmetoka shule gani, ombeni ruhusa. Mkikataliwa, shukuruni mwende mlango wa pili. Vaeni nguo za heshima, na wakati wa sala msisimame mbele ya msikiti.