Mtoto asiyesema akienda kutibiwa meno hospitali

Mwanangu ana miaka 9, ana usonji na hasemi. Jino lilipomuanza hakulia. Alijipiga shavu siku tatu, akasusa chakula, usiku akawa anazunguka chumba kizima. Nami nikasema ni vituko vyake tu. Basi mtoto wa namna hii akibadilika ghafla, mtazame mdomoni kwanza. Tochi ya simu inatosha: angalia magego ya nyuma, na fizi kama zina kijipu.

Ukishapata miadi, andika karatasi moja ya kumkabidhi daktari. Yangu inasema anavyokubali jambo (hunishika kidole gumba), asichokitaka (kushikwa kichwa bila kuambiwa), na dawa anazotumia. Kifafa, mzio na moyo visikosekane. Watoto wengi wenye Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza) huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwa baadhi ya kasoro hizo daktari hutaka antibiotiki itangulie kabla ya kung'oa. Mwenye mgongo wazi ataje mapema suala la glavu za mpira, maana mzio wa mpira ni wa kawaida kwao. Anayetumia kiti cha magurudumu, uliza kama anaweza kutibiwa akiwa humo humo.

Omba nafasi ya kwanza asubuhi, kabla benchi halijajaa vilio vya watoto wengine. Na kama watakubali, nendeni siku moja ya kukaa tu kwenye kile kiti, ashike kioo kidogo, mrudi nyumbani.

Wangu hata hivyo alihitaji nusu kaputi, na hapo ndipo nilipochemsha. Kwa kawaida chakula huachwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi huo na maji matupu muda wa saa 2 kabla, ila fuata ulichoandikiwa na hospitali yako. Mtu akilala usingizi ule, kilichomo tumboni huweza kupanda kikaingia mapafuni. Dada yake alimwonea huruma alfajiri, akampa biskuti. Tukarudishwa, tukasubiri miadi upya. Safari ya pili nyumba nzima tulifunga naye, na ufunguo wa kabati nikalala nao.

Dawa za kifafa usizisimamishe kwa akili yako. Muulize daktari wa usingizi. Mwambie pia kama kuna jino linalolegea, lisije likang'oka wakati wa kupitisha mpira wa kupumulia. Mtoto akiamka na homa au kikohozi, piga simu kabla hamjatoka.

Kwa kuwa atalala mara moja, omba yote yamalizike hapo hapo: picha, kusafisha, kuziba, kung'oa. Kama kuna damu ya kupima, ichukuliwe siku hiyo. Mimi niliomba na kucha wamkate. Muuguzi alicheka, lakini alizikata zote kumi.

Akizinduka anaweza kulia na kupigana kama hakujui. Hupita. Ukae macho na ganzi: wangu alitafuna mdomo wake wa chini mpaka ukavimba, kwa sababu hakuusikia. Mpaka iishe, kaa karibu naye, na chakula cha kutafuna kingoje.

Sasa nampiga mswaki mwenyewe mara mbili kwa siku. Nasimama nyuma yake, kichwa chake kifuani kwangu, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Anatema, hasukutui. Magego ya juu kulia bado ananing'ata.