Jinsi ya kuomba picha iliyoibwa iondolewe mtandaoni, na kulisajili jina la bidhaa yako

Steshenari yangu iko Ngamiani, Tanga. Siku hizi wanaokuja kutoa kopi wanazidiwa na wanaoingia wamenyoosha simu: "Mwanangu, hebu nitazamie hapa." Hivi karibuni alikuja bibi mmoja mpika achari ya ndimu. Kuna ukurasa wa Instagram uliokuwa ukiuza achari kwa jina lake na picha zake. Mwizi alikata kona yenye namba ya simu akaweka yake, ila kwenye kioo cha chupa bado lilionekana dirisha la jikoni kwa bibi, na nondo zake za maua. Dirisha lile lilitufaa sana.

La kwanza: usimtukane kwenye komenti. Ukimshtua atazifuta posti, nawe utabaki na hasira tu. Piga skrinishoti zenye jina la akaunti, tarehe na bei, kisha nakili linki ya kila posti, maana linki ya ukurasa peke yake haitoshi. Tafuta picha halisi kwenye simu iliyoipiga, kwa kuwa faili hilo hubeba tarehe na saa. Iliyopitia WhatsApp huwa imeshapoteza habari hizo. Ukiweza, agiza chupa moja kwa mwizi na utunze ujumbe wa muamala.

Kisha ujue unadai nini, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Picha na mchoro wa lebo vinalindwa na hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, haisubiri cheti. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi mzuri, lakini kutokuwa nacho hakukuzuii kulalamika leo. Jina la bidhaa ni alama ya biashara, na hilo lina njia yake.

Instagram ina fomu tofauti kwa haki hizi. Ya alama ya biashara inauliza namba ya usajili, na bibi hakuwa nayo, kwa hiyo tulijaza ya hakimiliki: jina kamili, barua pepe, linki ya picha yake, linki za posti zilizoiba, tamko kwamba maelezo ni ya kweli, na sahihi, ambayo ni kuandika jina lako. Jina na barua pepe hiyo vinaweza kumfikia unayemlalamikia, basi fungua barua pepe ya kazi hii tu. Usidai picha usiyoipiga, hata kama chupa ni yako.

Posti ziliondolewa, lakini jina lilibaki likitumika. Ukitaka kwenda polisi, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa wanaotumia kompyuta kuvunja haki za namna hii. Chupa bandia zikiingia madukani, peleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani.

Sasa jina. Watu hunionyesha cheti cha jina la biashara wakidhani wamemaliza. Hicho si usajili wa alama. Ingia kwenye ORS, mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, fungua akaunti kwa namba ya NIDA, na kabla ya kulipa chochote fanya upekuzi uone kama kuna jina linalofanana na lako. Alama husajiliwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma. Yapo 45, bidhaa ni la 1 hadi la 34. Matunda na mboga zilizohifadhiwa yako la 29, viungo na sosi la 30, kwa hiyo mpika achari ayatazame yote mawili. "Achari Tamu ya Tanga" usipoteze ada yako: linaeleza tu kitu na kilikotoka, na kila mpika achari wa hapa ana haki ya kusema hivyo. Pakia nembo, lipa kwa kontrol namba, subiri uchunguzi. Ikikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili hudumu miaka 7 tangu siku ya kuomba, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Cheti hicho ni cha Tanzania Bara. Chupa ikipanda boti kwenda Pemba imetoka nje ya ulinzi wake, kwani Zanzibar ina ofisi yake, BPRA. Bibi ana wateja Wete, hivyo maombi yake ni mawili na ada ni mbili.